Dhahania ya Sista Hakika

Wauguzi wa wodi ya upasuaji ya wanawake walimpa jina la Sista Hakika, wala hawakumsingizia. Kila alichosema alikifunga kwa neno hilo, kama fundi anayepigilia msumari wa mwisho. Leo mvua itanyesha, hakika. Mgonjwa wa kitanda cha dirishani ataomba chai kabla ya adhuhuri, hakika. Ubaya ni kwamba mara nyingi mvua ilinyesha kweli na chai ikaombwa kweli, kwa hiyo hapakuwa na mtu wa kumpunguza makali.

Alikuwa mwanamke wa makamo, mnene kiasi, mwenye mwendo wa haraka na viatu vya mpira visivyotoa sauti. Aliyekuwa akimsengenya alisikia jibu kabla ya kusikia hatua. Lakini hakuwa mtu wa roho mbaya. Mgonjwa aliyeshindwa kula alimlisha kwa mkono wake, na muuguzi mpya aliyelia kwenye stoo ya mashuka alimletea maji, akamwacha alie amalize, ndipo akamwonyesha alipokosea.

Jambo aliloliamini kuliko yote ni kwamba wageni ni adui wa mgonjwa. Hakulitoa hewani. Katika miaka yake ya kazi aliwahi kumkuta shemeji wa mtu amejinyoosha kitandani anakoroma, na mgonjwa mwenyewe, mshono mbichi tumboni, amekaa kwenye kiti akimpepea. Aliwahi kuamua ugomvi wa mawifi wawili waliobishana nani alimuuguza mgonjwa vizuri zaidi, mgonjwa akiwa katikati yao kama kamba ya kuvutana. Kwa hiyo saa ya kutazama wagonjwa ilipokwisha, alipita katikati ya vitanda akipiga makofi.

"Haya, ndugu zangu, kwaherini! Mgonjwa anataka kulala, hakika!"

Wageni walitoka mbiombio. Hata aliyekuwa katikati ya sentensi alikwenda kuimalizia kwenye korido, peke yake.

Hospitali ilipotangaza kwamba wauguzi wenye stashahada waende kusomea shahada jioni, wenzake wa rika lake waliguna na kutaja magoti na miwani. Yeye alijiandikisha wa kwanza. Masomo ya darasani aliyavuka bila taabu. Kikwazo kilimngoja mwaka wa mwisho, nacho kilikuwa utafiti. Na kabla ya utafiti, ilitakiwa sentensi moja tu.

Msimamizi wake alikuwa mwalimu wa kike, mwembamba, mpole wa sauti, ambaye kwa umri angeweza kuwa kitinda mimba wake. Ofisi yake ilikuwa finyu, vitabu vimepanda hadi dirishani, na mgeni alilazimika kuhamisha rundo la karatasi ndipo akae. Sista Hakika alipoingia, mwalimu alisimama.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, Mwalimu."

"Karibu ukae. Hii haifai."

Kwenye karatasi, chini ya neno DHAHANIA, Sista Hakika alikuwa ameandika: Wageni ni kero kwa wagonjwa.

"Haifai kivipi? Ni kweli tupu. Njoo wodini saa kumi uone."

"Inaweza kuwa kweli, Mama. Lakini haya ni malalamiko. Dhahania ni dai ambalo bado hatujui kama ni kweli, na tunaweza kwenda kulipima. Hapa nitapima nini? Kero ni kilo ngapi?"

Sista Hakika alirudi nyumbani amenuna. Juma lililofuata alileta: Athari za wageni katika wodi ya upasuaji. Mwalimu akamwambia hiyo ni mada, haidai chochote. Akaleta: Je, wageni huwazuia wagonjwa kulala? Mwalimu akatabasamu, akasema sasa wamekaribia, lakini hilo ni swali, na dhahania ni jibu ambalo mtafiti anathubutu kulitoa kabla hajaenda kutazama. Akaleta: Wageni huweza wakati mwingine kuathiri usingizi wa baadhi ya wagonjwa kwa namna mbalimbali.

Hiyo mwalimu aliisoma mara mbili, kisha akavua miwani.

"Mama, hii haiwezi kushindwa."

"Si ndiyo uzuri wake!"

"Ndiyo ubaya wake. Nikikuambia kesho mvua itanyesha au haitanyesha, nimekuambia nini? Andika kitu ambacho data ikikataa, kila mtu ataona imekataa. Andika kitu kinachoweza kukuumbua."

Sista Hakika hakuwa amezoea kuambiwa aandike kitu cha kumuumbua. Alipita moja kwa moja kwenye karakana ya mumewe, fundi wa makochi, akamkuta amepiga magoti mbele ya sofa lililopasuliwa tumbo, misumari midogo imebanwa midomoni. Akamweleza yote. Fundi alitema misumari kiganjani.

"Mama watoto, mbona rahisi? Mimi nikitazama kochi la mteja husema, springi iliyokatika ni ya kushoto, maana bwana yule hukaa upande mmoja. Halafu nachana kitambaa. Ama nimepata, ama nimechana bure."

"Na ukichana bure?"

"Nashona. Na kile kitambaa hakiniruhusu kudai kuwa sikukosea."

Jioni ile waliketi mezani, yeye, mumewe na mama mkwe, bibi mwembamba mwenye masikio makali kuliko vijana wote wa mtaa. Sentensi ikaandikwa, ikafutwa, ikaandikwa tena. Mwishowe ikakaa hivi: Wagonjwa waliofanyiwa upasuaji wanaotembelewa kwa saa moja tu kwa siku hulala vizuri kuliko wale wanaotembelewa mchana kutwa.

"Hapo unalinganisha," mumewe akasema. "Hawa na hawa. Ukikosea tutakuona."

"Sitakosea, hakika."

"Nami nina dhahania yangu," akasema mama mkwe, akisukuma sahani yake. "Aliyepika leo alikuwa anafikiria dhahania. Onjeni kama kuna chumvi."

Wakaonja. Haikuwepo. Tangu siku hiyo ugonjwa ule ukaingia nyumba nzima. Mume alipotafuta ufunguo, hakuuliza uko wapi. Alitangaza kwamba ufunguo uko mfuko wa suruali ya jana, kisha akaenda kuthibitisha. Mama mkwe alidai kwamba jirani akipiga hodi na sahani mkononi hukaa muda mrefu kuliko akija mikono mitupu, akawa anakaa barazani kumvizia. Sista Hakika aliwakemea kuwa wanafanya mzaha na kazi ya watu, lakini jirani alipokuja na sahani, naye alichungulia saa.

Mwalimu alipoisoma sentensi ile alipiga meza kwa kiganja, kwa furaha. "Hii sasa tunaweza kuipeleka wodini."

Vibali vikatolewa, na wagonjwa wakaombwa ridhaa mmoja mmoja. Wodi ilikuwa na vyumba viwili vilivyotazamana. Chumba cha kushoto kikabaki na saa moja ya wageni kama zamani. Cha kulia kikafunguliwa tangu chakula cha mchana hadi machweo. Kila asubuhi wagonjwa wangeulizwa wamelalaje, wajipe alama wenyewe, na ingeandikwa pia nani aliomba dawa ya usingizi. Lakini mwalimu aliweka sharti: muulizaji awe muuguzi wa wodi nyingine.

"Kwa nini nisiulize mwenyewe? Wagonjwa ni wangu."

"Ndiyo sababu. Ukiuliza wewe, Mama, watajibu unachotaka kusikia. Hata mimi ningejibu unachotaka kusikia."

Hapo Sista Hakika akakubali bila kutaja hakika hata moja, jambo ambalo mwalimu alilisimulia baadaye kama tukio la mwaka.

Kazi ikaanza, na kwake ikawa adhabu. Chumba cha kulia kilijaa watu. Walikuja na matunda, na soga, na habari za mtaani. Mama mmoja alileta ufumaji wake akaketi mguuni pa kitanda cha dada yake kama aliyehamia. Sista Hakika alipita mlangoni mikono ikimwasha kupiga makofi, ikabidi aitie kwenye mifuko ya sare. Alimwambia mumewe, "Nawaonea huruma wale maskini. Wanakodoa macho tu, hakika. Lakini acha data iseme."

Siku ya data kusema, aliingia ofisini kwa mwalimu amevaa gauni lake la kutokea. Kwenye kompyuta palisimama nguzo mbili za rangi, moja ndefu, moja fupi.

"Hii ndefu ni waliolala vizuri?" akauliza.

"Ndiyo."

"Chumba cha kushoto."

Mwalimu akageuza kioo cha kompyuta kumwelekea. "Cha kulia, Mama."

Sista Hakika akacheka, maana alidhani anataniwa. Kisha akasema kompyuta imekosea. Kisha akasema muuguzi wa wodi nyingine amechanganya kulia na kushoto, maana yule binti tangu zamani akili yake huwa mbali. Wakahesabu upya, karatasi kwa karatasi, kwa mkono. Kushoto ni kushoto na kulia ni kulia. Waliokaa na ndugu zao mchana kutwa walilala vizuri zaidi, na dawa za usingizi waliomba kidogo. Na haikuwa tofauti ya kutafuta kwa tochi.

Alitoka mle ndani bila kuaga vizuri. Kwenye ngazi za chuo alikutana na mwanafunzi mwenzake, mtu wa maabara, kijana mwerevu aliyekuwa akimsaidia kompyuta. Alipomsikiliza, kijana alicheka.

"Sasa hilo nalo linakuliza, Mama? Geuza sentensi. Andika kwamba tangu mwanzo ulidhani wa mchana kutwa watalala vizuri. Basi, umepatia! Nani atajua?"

"Mwalimu anajua."

"Mwalimu ana wanafunzi wengi. Mwambie uliirekebisha. Wangapi wamefanya hivyo na sasa wanaitwa madaktari?"

Neno lile lilimwingia. Nyumbani alifungua kompyuta, akafuta, akaandika upya. Ilipendeza kweli. Ilionekana kama kazi ya mtu aliyeona mbali. Kesho yake mchana akaichapa, akampelekea mumewe karakana, akamwambia tu, "Soma hii."

Fundi alisoma pole pole, karatasi ameishika kwa ncha za vidole kwa sababu ya gundi. "Sentensi nzuri," akasema. "Ya nani?"

"Ya nani vipi? Yangu."

"Mama watoto, mimi nimeoa mwanamke anayewafukuza wageni. Tumegombana naye kwa ajili ya wageni. Siku nilipopasuliwa ngiri alikuja hadi wodi ya wanaume akamfukuza hata mama yangu mzazi. Huyu aliyeandika hapa simjui, ingawa anaonekana mtu mwema."

Mama mkwe alikuwa pale pale, ameketi kwenye kiti cha mteja kilichokuwa kikisubiri kitambaa. "Alinifukuza kweli," akasema, bila kinyongo. "Nikiwa na chupa ya chai mkononi. Ikabidi ninywe mwenyewe kwenye kituo cha basi."

Wote watatu wakacheka, Sista Hakika wa mwisho. Aliondoka akarudi wodini, ingawa zamu yake ilikuwa bado. Safari hii hakwenda kupima chochote. Alivuta kiti, akaketi kando ya mgonjwa mmoja wa chumba cha kulia, mama aliyekuwa akijiandaa kuruhusiwa, akamuuliza kama mtu anayeuliza njia: "Hivi ndugu zako wakikaa hapa mchana kutwa, hawakuchoshi?"

"Wananichosha sana, Sista."

"Enhe!"

"Wananichosha mpaka nalala." Yule mama akarekebisha mto wake. "Zamani nilipolazwa kule kushoto, mume wangu alifika amekimbia, akawa ndiyo kwanza anaanza kuniambia kama mtoto amepona kikohozi, mara makofi hayo, pa! pa! Akaondoka hajamaliza. Basi nikabaki nacho kile kikohozi mpaka asubuhi. Amepona? Hajapona? Siku hizi ananieleza yote, mpaka mambo ya kuku. Akiondoka sina la kuwaza."

Sista Hakika alisogeza kiti karibu. Alitaka kukasirika, hasira ikakataa kuja. Kilichokuja kilikuwa udadisi, na ulimkaa vizuri kuliko alivyotarajia. Akauliza la pili, na la tatu. Aliuliza vitanda vyote, hata wenye kulala usingizi wa mchana walishtushwa na maswali yake.

Usiku haujaingia alikuwa ameshairudisha ile sentensi ya kwanza, neno kwa neno. Alimweleza mumewe kwa nini, wakati wakiosha vyombo.

"Hospitali nyingine zipo. Kila moja ina mtu kama mimi, anapiga makofi na anaamini kwamba anajua. Nikiandika kwamba tangu mwanzo nililijua hili, yule mtu akisoma atasema, huyu ni mmoja wa wale wapenda wageni, achana naye. Lakini akiona aliyeandika naye alikuwa wa makofi, halafu akabwagwa na hesabu zake mwenyewe, atasoma ukurasa wa pili. Hakika."

"Hilo hakika nalikubali," akasema mumewe, akimpokonya sahani.

Ikabaki sentensi nyingine. Tasnifu ilipokamilika, mwalimu alitaka ukurasa wa kwanza ubebe hoja kuu, yaani dai moja ambalo kazi yote inasimama juu yake. Sista Hakika aliandika kwamba mgonjwa aliyeshinda na ndugu zake hulala vizuri kuliko aliyenyimwa, kwa sababu analala akiwa hana swali lililobaki moyoni. Alijivunia sana hiyo.

"Nzuri," akasema mwalimu. "Lakini hii 'kwa sababu' umeipima?"

"Nimewauliza wenyewe!"

"Umewauliza baada ya matokeo, tena mwenyewe. Usingizi tumeupima. Sababu bado."

Sista Hakika akaichukua kalamu. Kisha juu ya mstari, kwa mwandiko mdogo kana kwamba anaficha, akaongeza neno: huenda. Mwalimu alisogeza lile rundo la karatasi ili mama apate mahali pa kuweka kiwiko.

Siku ya kujitetea mbele ya jopo, ukumbi ulikuwa na joto, na feni ilizunguka kwa kulalamika. Profesa mmoja mzee, anayejulikana kwa kuwatoa watu jasho, alifunua kurasa mbele na nyuma.

"Ngoja nielewe. Ulidai hivi. Ikawa vile."

"Ndiyo, Profesa."

"Kwa hiyo ulikosea."

"Nilikosea kabisa."

Watu wakaanza kucheka chini chini. Profesa akaegemea. "Sasa, mama yangu, tukupe shahada ya kukosea?"

Sista Hakika alisimama wima, mikono mbele, kama anapokabidhi wodi kwa zamu inayoingia. "Profesa, mimi wageni nimeanza kuwafukuza zamani sana. Miaka yote hiyo nilikuwa nakosea, lakini bila ushahidi, na hakuna aliyeweza kuniambia kitu. Hapa nimekosea kwa sentensi moja iliyo wazi. Yeyote akisoma anaona nilikosea wapi, na kwa kiasi gani. Nadhani hayo ni maendeleo."

Ukumbi ulilipuka kwa kicheko. Profesa naye alicheka, mabega yakimtikisika, akaandika kitu, kisha akauliza maswali makali kuhusu idadi ya wagonjwa na kuhusu watu wanaokoroma, ambao tasnifu haikuwataja hata kidogo. Hilo la wanaokoroma alikiri hakulifikiria. Akapewa marekebisho ya kwenda kuyafanya, na akaambiwa amefaulu.

Nje, mumewe na mama mkwe walikuwa wamekaa kwenye ukingo wa ua, wamevaa kama watu waendao harusini. Mama mkwe aliinuka kabla hajamfikia.

"Umefaulu au umefeli?"

"Nimefaulu, Mama."

"Nilijua," akasema bibi, akamkumbatia, na kwa muda mrefu hakumwachia.

Hospitali haikubadilika kwa siku moja. Mganga mkuu aliisoma tasnifu, akajikuna kichwa, akakubali wodi ile ifungue milango mchana kwa majaribio. Kukawa na mabishano na walinzi wa geti, na siku za mwanzo korido ilikuwa kama stendi. Viti havikutosha, na fundi wa makochi akajikuta anatengeneza viti vya hospitali vilivyokuwa vimetupwa stoo, huku akinung'unika kuwa utafiti wa mtu mmoja humfanyisha kazi mwingine. Wauguzi vijana waliokuwa wakisomea shahada walianza kumfuata wakati wa chai na sentensi zao, na aliwararulia bila huruma: hii mada, hii malalamiko, hii swali, hii haiwezi kushindwa, rudi.

Mchana mmoja, chumba cha kushoto, alimkuta mzee amevaa koti, ameketi kando ya mkewe aliyepasuliwa nyonga, akimsomea gazeti kwa sauti ya kutangaza. Alisoma habari za barabara, za mpira, za bei ya saruji. Kisha akageuza ukurasa, akaanza kusoma matangazo ya vifo, jina kwa jina, na umri wa kila mmoja.

Sista Hakika akasogea, akamwinamia sikioni. "Mzee wangu, ukurasa huo tuuruke. Hapa ni wodini."

"Ndio anaoupenda," mzee akanong'ona.

"Mwache asome, Sista," mkewe akasema, macho amefumba, uso umetulia tuli. "Nataka kujua leo nimewapita wangapi."

Sista Hakika akamvutia mzee kiti karibu zaidi na dirisha, penye mwanga wa kusomea, akaenda zake kuandaa dawa za saa kumi.